Hema la Fundi Sare

Kijiwe chao ni benchi moja refu la mbao, limeegemea ukuta wa duka la vifaa vya umeme, pale njia mbili za mtaa zinapokutana. Kila alasiri hukaa hapo watu watatu. Kuna Kinyozi, ambaye saluni yake iko hatua kumi tu, akiona kichwa kinaingia anakimbia. Kuna Ramani, dereva wa malori mstaafu, asiyekubali kwamba ipo barabara asiyoijua. Na kuna Fundi Sare, mshonaji wa sare za shule, mtu mpole anayetembea na utepe wa kupimia shingoni hata siku ya mapumziko. Siku hiyo tela la Fundi lilikuwa mbele ya benchi: chuma kitupu, matairi yenye meno makubwa, springi nene za kuhimili mashimo, na juu yake hema la kukunjua. Alilinunua likiwa na hema lililooza, akashona jipya la turubai kwa muda wa miezi mitatu. Mkewe ni nesi wa zahanati, na miaka minane hajachukua likizo. Alikuwa amempa mumewe ahadi moja: hema likisimama kabla hajatoka kazini, kesho wanaondoka wote wawili kwa siku tatu. Lisiposimama, tela linauzwa. Saa kumi na moja anatoka, na sasa ilikuwa kumi na robo.

Hema lilikuwa limefunguka, ila kusimama lilikataa. Nguzo zote zilikuwa mahali pake, lakini paa lilining'inia mpaka likalala juu ya godoro.

— Limechoka, alisema Kinyozi, huku akipuliza kahawa yake.

— Linachokaje nalo halijakwenda popote? aliuliza Fundi.

— Si safari iliyolichosha, ni mawazo. Miezi mitatu unalichoma sindano.

— Usimsikilize huyu, alisema Ramani. Hiyo ni hewa. Huku chini hewa nzito, inalala juu ya kitambaa. Lipandishe mlimani, hema litasimama lenyewe kama askari.

— Kwa hiyo mke wangu nimwambie asubiri mlima?

— Mwambie ukweli wa kitaalamu.

— Ukweli wa kitaalamu anao yeye, ndugu yangu. Huwa unakuja na sindano.

Wakacheka, hata Fundi mwenyewe, ingawa jicho lake halikutoka kwenye saa ya Kinyozi. Akapanda ngazi ya tela, akavua utepe shingoni, akapima paa. Akapima mara ya pili. Kisha akakaa kwenye kipandio cha juu kama mtoto aliyegundua kuwa amefanya hesabu ya ukurasa mwingine.

— Nimeacha nafasi, akasema.

— Nafasi ya nini?

— Ya kukua.

Kinyozi alishusha kikombe polepole.

— Fundi. Umelishonea hema sare ya darasa la kwanza?

— Mkono umezoea. Kila ninachoshona naacha shubiri moja, mzazi asirudi mwakani.

— Basi sisi tungoje, alisema Ramani. Mwakani litakuwa limekua, sare italikaa.

Fundi aliingiza mkono mfukoni, akatoa sindano kubwa ya turubai na uzi uliopakwa nta. Akawaambia wale wawili washike kitambaa, huyu huku na yule kule, na wasikiachie hata mbingu zianguke. Akaanza kupiga pindo katikati ya paa, mishono mirefu iliyonyooka. Mikono yao ikiwa imefungwa kazini, midomo ikapata uhuru.

— Mtakapofika kwenye mto, alisema Ramani, usisimame wala usifikirie. Tela kama hili linaelea. Mimi niliwahi kuona moja linavuka peke yake, dereva kabaki ng'ambo anapiga makofi.

— Mto si neno, alisema Kinyozi. Hofu yangu ni upepo. Hema wazi, upepo chini yake, tela linaruka. Mtaamka mko nchi nyingine, mnaulizwa vibali.

— Likiruka, watafunga breki ya mkono.

— Angani?

— Breki ni breki, Kinyozi.

— Vuteni, alisema Fundi, sindano ikiwa mdomoni.

Wakavuta. Paa likainuka, likakaza, likatoa mlio mdogo kama ngoma iliyoguswa kwa kidole. Alipokuwa akikata uzi kwa meno, mkewe alitokea kwenye kona, mkoba begani, mwendo wa mtu aliyesimama tangu asubuhi.

— Shemeji, karibu, walisema wote wawili, bado wameshikilia kitambaa kisichohitaji tena kushikwa.

Nesi alilizunguka tela lote. Akagonga tairi kwa ncha ya kiatu, akajaribu ngazi, akachungulia ndani. Fundi alijifuta jasho kwa utepe.

— Limesimama, mama.

— Naona, baba. Na tunakwenda wapi?

Fundi alimtazama Ramani. Ramani alimtazama Kinyozi. Kinyozi akachungulia saluni yake, lakini siku hiyo hakuna kichwa kilichoingia. Miezi mitatu, kwa maneno tu, walikuwa wamevuka mito yote, wakazama kwenye matope yote, wakapambana na upepo, ila hakuna aliyewahi kufika mahali.

Nesi alivua viatu, akaviweka kando ya ngazi, akapanda, akajinyoosha juu ya godoro. Zikabaki kuonekana nyayo zake tu, zimevimba pembeni.

Fundi alipanda mpaka kipandio cha katikati, akashusha sauti.

— Wewe ungependa twende wapi?

Nyayo zilijikunja, zikanyooka.

— Penye maji mengi, alisema Nesi kutoka ndani. Nikae niyaangalie, bila ya kumwosha mtu.

Ramani alifungua mdomo. Fundi akageuka akamtazama, naye akaufunga. Kisha Ramani akaokota funguo zake kwenye benchi, akaenda taratibu kuleta pikapu yake ya kuvutia tela kesho, akiipita saluni kwa ncha za vidole ili Nesi apumzike.