Sahani ya Pembeni ya Mama Rosette Asende

Ndugu, jamaa, papa pasta, bamama wa kwaya, na ninyi wanafunzi mliopiga pasi sare zenu: huyu tunayemsindikiza leo ni Rosette Asende, ambaye mji mzima wa Baraka ulimwita Mama Rosette. Alizaliwa Fizi-Centre tarehe 14 Machi 1969. Baba yake alikuwa mlinzi wa ofisi, mama yake alilima mihogo. Wasifu huu utasema ukweli, hata ule unaokwama kooni, kwa sababu marehemu mwenyewe alimwagiza hivyo binti yake Nadège, anayeusoma: "Usinipambie maneno. Na bale balinikosea, usibapambie pia."

Shule ya msingi aliimaliza Fizi, akashuka Baraka kusomea ushonaji. Siku moja mwalimu wake alimfukuza darasani kwa kukata na kushona suruali bila kupima. Jioni ileile mwalimu akampelekea mume wake ile suruali ajaribu, ikamkaa barabara, na kesho yake Rosette akaitwa arudi. Kwa miaka mingi alishona sare za shule kwenye kibaraza karibu na soko. Wengi mliosimama hapa, makalio yenu ya kwanza ya shule yalifunikwa na kazi yake.

Tarehe 2 Agosti 1991 alifunga ndoa Kazimia na Jacques Wilondja, seremala wa mitumbwi, wakajaliwa Nadège na Eddy. Mwaka 1996 walivuka ziwa kukimbilia Tanzania, wakakaa kambini Nyarugusu hadi 2006. Siku ya kurudi alishuka bandarini na cherehani kichwani, na Jacques nyuma yake amebeba magodoro na malalamiko.

Tarehe 9 Juni 2017 mkanda wa mashini ya kusaga ulimkamata mkono wa kulia, ukaukata chini ya kiwiko. Alikuwa anasaga mihogo ya nani? Ya karamu ya posa ya mtoto wa Déogratias, kaka yake. Shikeni hilo, tutalirudia.

Kwetu mkono wa kushoto hauingii kwenye sahani ya wote. Kila mtu anajua kazi ya ule mkono, hakuna haja ya kuieleza mbele ya jeneza. Basi jioni ya kwanza alipotoka hospitali, Mama Rosette aliketi mbali na chakula, akiona haya. Jacques akauweka mkono wake wa kulia mgongoni, akaanza kula na wa kushoto, sombe ya majani ya mihogo ikamchuruzika kwenye shati.

"We Jacques, unakula kama mutoto!"

"Basi tuko batoto bawili. Sogea."

Alikula hivyo kila siku mpaka alipofariki tarehe 3 Januari 2020. Hakuwahi kushika tonge kwa mkono wa kulia tena ndani ya nyumba ile.

Mwaka 2021 ziwa lilipanda likaimeza nyumba yao. Nadège alimwita kwake Kazimia, lakini Mama hakutaka kuwaacha wasichana aliokuwa akiwafundisha kushona. Aliwachorea kwa chaki, wao wakakata. Akahamia kwa kaka yake. Jioni ya kwanza wote wameizunguka sinia, yeye akawekewa sahani ya bati yenye ukingo mwekundu, juu ya kigoda, kando ya makaa.

"Dada, si kwa ubaya," alisema Déogratias. "Ni batoto ndio banasikia kinyaa."

Batoto! Batoto wale walikuwa wanagombea kulala naye. Mkono ulipotea kwa unga wa nyumba hiyo, na nyumba hiyo ndiyo ikaona kinyaa kwa mkono uliobaki. Fyuu! Unalisema tu na mdomo unakuwa mchungu.

Kati ya wasichana wake wa kushona alikuwemo Divine, ambaye asubuhi alisomea elektroniki kwenye taasisi ya ufundi hapa Baraka. Mwaka 2023 Divine na mwenzake Patrice walikuja na waya na vibandiko. Walimweleza hivi: mtu akitaka kukunja vidole, msuli wa mkono unatoa umeme mdogo sana, na msuli wake, ingawa vidole havipo, haujasahau. Wakambandika vibandiko kwenye kile kipande cha mkono, wakamwambia, Mama, kunja ngumi. Akakunja ngumi ambayo haikuwepo. Mota ndogo mezani ikazunguka.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe nina courant mwilini, na nyumbani tunalala giza!"

Walimuuliza mkono watakaoutengeneza ufanye nini. Patrice alifikiria kushika kalamu. Mwanafunzi mwingine akasema kusalimia wakubwa. Mama Rosette akasema, "Mi nataka mukono ya kumega bugali. Nirudi kwenye sinia."

Wakahangaika mwaka mzima. Bugali liliingia kwenye viungo, vidole vikagandamana, Mama akaushonea glovu ya kuvuliwa na kufuliwa. Kasoro moja tu ilibaki: akikasirika, msuli ulikaza, vidole vikafunga, na havikufunguka mpaka moyo utulie. Patrice alitaka kuirekebisha. Mama alimzuia, akasema hata mkono wake wa zamani ulikuwa hivyo.

Tarehe 18 Mei 2024 wakubwa wa taasisi walikuja na kamera zao kuuona mkono ule, nyumbani kwa Déogratias. Siku hiyo kigoda hakikuonekana. Déogratias, ndani ya suti, aliketi goti kwa goti na dada yake, akatia mkono kwenye sahani moja naye, akaziambia kamera: "Mi na dada yangu, tunakulaka pamoja siku zote." Siku zote! Mama Rosette alimega tonge, akachovya, akalifikisha mdomoni. Wanafunzi walilia. Yeye pia alilia, kwa furaha ya kweli, kwa sababu alidhani amerudi.

Kesho yake kigoda kilikuwa mahali pake, na sahani juu yake.

"Ile mukono ni ya plastiki," Déogratias alimwambia. "Hatujue imegusa wapi."

Mama Rosette aliichukua ile sahani amrudishie. Vidole vikafunga. Alitaka kuiachia, vikakataa. Basi alitoka nje, akapita sokoni katikati ya watu na sahani yake mkononi, hadi kwa kina Divine. Divine akachomoa waya, vidole vikaachia, na sahani ikabaki pale.

Divine akaanza kukagua waya mmoja mmoja. "Mama, tulikosea wapi? Tutarekebisha."

"Mukono iko muzima, mutoto wangu. Kilichoharibika hakiko kwangu."

Tangu siku ile chakula cha mchana alikula kwenye karakana ya wanafunzi, beseni moja na wao. Siku nyingine mkono ulikuwa kwenye chaji, akala na wa kushoto. Hakuna aliyesogea.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza 2022, ukamfikia kwenye figo. Alilazwa tarehe 20 Septemba mwaka huu, na alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 12 Oktoba 2025, akiwa na miaka hamsini na sita. Divine na Nadège walipokezana kumlisha. Kaka alifika mara moja, akasimama mlangoni.

Sasa geuzeni programu mliyoshika. Ile picha ya nyuma, kaka na dada wanakula sahani moja, ni ya siku ile ya kamera. Déogratias aliichagua mwenyewe, akaandika chini yake "Upendo wa ndugu". Jamani, inatapisha! Mama Rosette asingeikubali hata kwa kufungia ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Ameacha binti Nadège, mwana Eddy, wajukuu watatu, kaka mmoja, wasichana wanaoshona, na wanafunzi ambao ameagiza wabaki na ule mkono mpaka wampate mtu mwingine wa kumega bugali nao.

Aliomba jambo moja tu. Tukishafunika kaburi, chakula kiko nyuma ya nyumba, kwenye sinia za wote. Leo kila mtu atakula na mkono wa kushoto, kama Jacques alivyokula. Atakayesikia kinyaa asilazimishwe. Divine ameirudisha ile sahani yenye ukingo mwekundu, iko juu ya kigoda, kando ya makaa. Mjomba Déogratias, unapajua.

Lala salama, Mama Rosette. Sisi tunaenda kunawa.