Tak Pil-gyu na Miguu ya Chuma Aliyojitengenezea

Marehemu Tak Pil-gyu alikuwa mwana wa Tak Man-bok, aliyebeba mawe ya ukuta wa bahari misimu minne bila kulalamika, na mjukuu wa Tak Chil-seong, aliyeileta kengele ya kanisa hili kutoka mjini Seosan kwa kibebeo cha mti mgongoni, akipumzika mara mbili tu njiani. Huo ni ukoo wa wabebaji. Hapakuwahi kuwa na Tak aliyebebwa. Pil-gyu ndiye aliyekuwa wa kwanza, na jambo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wa miguu wenyewe.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa Darakgol, mtoto wa pili na wa mwisho. Alipokuwa na miaka sita alimwona mama yake akipalilia vitunguu saumu, amechutama tangu asubuhi. Akasokota majani ya mpunga yakawa mto, akamfunga mama kiunoni ili kila achutamapo awe ameketi. Jumapili mama akausahau mwilini, akasimama kuomba mbele ya kanisa zima na mto ukining'inia nyuma. Watu walicheka hadi mchungaji akaketi. Leo hakuna mwanamke wa kijiji hiki asiye na mto wa namna hiyo shambani.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1962. Dada yake Jeom-rye aliishia darasa la sita akabaki shambani ili mdogo wake asome, wala hajawahi kujuta. Pil-gyu alihitimu shule ya ufundi jijini Daejeon mwaka 1968, akasimama mbele ya mashine ya kukerezea vyuma miaka thelathini na mitatu. Tarehe 9 Oktoba 1976 alimwoa Ma Ok-bun, wakajaliwa binti mmoja, Eun-sol, ambaye leo anapima misuli ya watu katika taasisi ya utafiti hukohuko Daejeon.

Alirudi nyumbani mwaka 2001. Kufikia 2014 magoti yalikuwa yamekwisha. Daktari alisema apasuliwe magoti, yeye akasema, "Chuma nakijua, kisu sikijui." Kwa miaka miwili alichonga fremu ya miguu: vyuma viwili kila upande, springi nene magotini, mikanda ya mapajani na kwenye vifundo. Ukichutama inakukalisha, ukitaka kusimama inakuinua. Alitengeneza saba. Moja akaivaa yeye, sita akawapa wakulima wa vitunguu, akawaagiza wazivae asubuhi hadi jioni. Hapo ndipo alipokosea, na alitaka kosa hili lisomwe leo mbele yenu.

Tarehe 5 Februari 2019, Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, alivua fremu ili amsujudie mama yake kama ilivyo desturi. Alishuka vizuri, paji la uso likagusa sakafu. Kisha hakuinuka. Supu ilipoa mezani.

"Inatosha, mwanangu," mama alisema. "Nimeshapokea. Inuka ule."

"Naja, Mama. Nimefika nusu ya njia."

"Nusu gani, na uso bado uko chini?" Ok-bun alimtania, kisha akaona mabega ya mumewe yanatetemeka. Yeye na Jeom-rye walimshika makwapani wakamnyanyua. Suruali ilipopanda, mapaja yalikuwa membamba kama mikono ya mtoto.

Mama aliyatazama. "Mimi nilimzaa na miguu," alisema. "Nani kaichukua?"

Eun-sol alileta vibandiko vyake vya kupimia misuli, akavipachika kwenye miguu ya baba yake, akamwambia avae fremu, achutame na kusimama. Kwenye skrini mstari wa paja ulilala bapa kama shamba la mpunga lililofurika maji. Wa shavu la mguu ulirukaruka.

"Springi inafanya kazi yote, Baba. Paja limelala, na lililolala miaka mitatu linakonda. Huku chini uzito wa vyuma uko kwenye vifundo, kila hatua shavu la mguu linabeba fremu. Umeutua mzigo huku ukaubeba kule."

"Nikiivua je?"

"Utaanguka."

"Nikiivaa?"

"Utazidi kukonda."

"Basi mimi ni kaa," alisema. "Gamba ndilo linalosimama, nyama ni maji."

Tangu siku ile hakulala vizuri kwa ajili ya wale sita. Alipita nyumba kwa nyumba akizidai fremu zake. Bibi Guk Chun-ja alimfungia mlango. "Ulinipa miguu, sasa unaninyang'anya? Mwizi wewe!" Wengine watano walikubali abadilishe. Alipandisha uzito hadi kiunoni, akaweka springi laini yenye pini na matundu tisa: kuanzia la tisa, kila mwezi pini inashuka tundu moja, fremu inapunguza msaada, paja linadai haki yake. Watano hao wamo humu kanisani, wameingia kwa miguu yao. Yeye alichelewa. Kila Mwaka Mpya alisujudu, kila mara aliinuliwa. Pini yake ilishuka polepole kuliko ya wengine; ilipofika tundu la tatu, moyo ukaanza kuchoka Aprili mwaka huu wa 2024. Alifariki hospitalini Seosan tarehe 2 Oktoba, saa nne asubuhi, mikononi mwa mkewe.

Ameacha mama, Hwang Bun-i, mwenye miaka mia moja na mmoja, mjane, Ok-bun, binti, Eun-sol, na dada, Jeom-rye. Amelazwa leo bila chuma mwilini, kama alivyoomba. Mungu aliyemwumba na miguu ampokee akiwa amesimama.

Siku mbili kabla ya kufariki alimwita Eun-sol, akamtia mkononi koleo na pini moja.

"Bibi Guk amekubali juzi. Springi yake mpya iko tayari, anzia tundu la tisa. Usimvue ghafla, ataanguka kama mimi. Mwezi mmoja, tundu moja."

"Na akinifungia mlango, Baba?"

"Kaa kibarazani usubiri. Mwambie Pil-gyu aliingia kwenye gamba hilo la chuma akashindwa kutoka. Wewe umtoe yeye."