Zamu Iliyompita Bai Ummehani

Bi Ummehani Moiz Shabbar anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Kampuni ya Ujenzi ya Mwarongo, tawi la Tanga, kwa miaka thelathini na miwili na miezi mitatu. Aliingia Machi 1993 akiwa na shahada ya uhandisi ujenzi, na barua yake ya ajira ilimtaja kuwa Mhandisi Mhitimu. Anaondoka na cheo hichohicho. Nimeombwa kuandika ukurasa huu wa kumuaga kwa kuwa mimi ndiye mkuu wa tawi, na hakuna aliyebaki ofisini aliyefanya naye kazi miaka mingi kunishinda. Nimeuandika na kuuchana mara nne.

Bai, kama sote tunavyomwita, ni mzaliwa wa Ngamiani, binti wa mwenye duka la misumari, bawaba na rangi. Wapo waliodhani angeishia nyuma ya kaunta ya baba yake. Yeye akaenda chuo kikuu, akarudi, na mwezi wake wa kwanza kazini akaonekana mitaani juu ya baiskeli, fimbo ya kupimia usawa wa barabara imefungwa ubavuni. Wanawake wawili walimsimamisha kumuuliza fito za mapazia anauza kiasi gani. Aliwaelekeza dukani kwa baba yake, akaendelea na safari.

Saiti alivaa rida, vazi la Kibohora lenye kofia yake ya kitambaa, na juu yake akapachika helmeti ya njano. Mafundi wapya walicheka siku ya kwanza tu. Siku ya pili walikuwa wanabomoa ukuta waliojenga jana, kwa sababu Bai alipitisha timazi akaukuta umelala kidole kimoja.

Innocent, dereva wetu wa lori la zege kutoka Muheza, anakumbuka vizuri siku alipoongeza maji njiani ili zege lisimgandie. Bai alilipima, akalikataa, akamrudisha na mzigo wake wote. Kesho yake Innocent alikuja na zege jingine, nalo maji matupu, pamoja na gunia la machungwa la kumlainisha. Bai alishukuru sana, akawagawia vibarua machungwa yote, akalikataa na zege la pili. Innocent leo ni mkuu wa magari, na hajaongeza maji tena.

Hayo ni ya kufurahisha, na ningeweza kuendelea nayo hadi mwisho wa ukurasa. Nimejaribu. Lakini ningekuwa namuaga mtu mwingine.

Kwa wageni wetu wasioijua kazi hii: shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa Mhandisi Mtaalamu. Lazima afanye kazi miaka isiyopungua mitatu chini ya mhandisi aliyekwisha kusajiliwa, aandike kila alichofanya katika daftari la uzoefu, msimamizi wake atie saini kila robo mwaka, kisha aende mbele ya Bodi inayosajili wahandisi kuhojiwa. Akifaulu hupewa muhuri wake. Asiye na muhuri anaweza kuchora daraja zima kwa mkono wake, na jina litakalobaki kwenye mchoro likawa la mwingine.

Miaka ile tawi letu lilikuwa na mwenye muhuri mmoja tu, marehemu Mhandisi Suleimani Mselem. Alikuwa mtu mwema aliyeogopa kulemewa, kwa hiyo alimsimamia mhitimu mmoja kwa wakati. Tukawa tunapeana zamu, miaka mitatu mitatu, kama akina mama na mchezo wao wa upatu. Mwenye zamu ndiye aliyepewa kazi bora ya kipindi hicho iingie kwenye daftari lake. Bai alingoja zamu iliyokuwapo iishe, kisha akawapisha wawili aliowakuta kazini. Mwaka 2001 ilifika zamu yake, na bahati ikaja na kazi nzuri: barabara ya Moa na kalavati kubwa la kuvusha maji ya mkono wa bahari.

Mimi, Rahimu Shekhe, nilikuwa na miaka miwili kazini na nilikuwa nimemposa Saleha. Baba yake Saleha alikuwa amesikia kuwa kuna wahandisi wenye muhuri na wasio na muhuri, akataka kujua mimi ni yupi. Nilimwendea Bai nikamwomba zamu yake. Nilimweleza habari za posa kwa uso wa huruma, na nakiri kwamba uso ule niliufanyia mazoezi. Siku ya tatu alisema nichukue, kwani yeye hana harusi ya kuchelewesha. Nilifurahi kiasi kwamba sikuyasikia maneno yale mpaka miaka mingi baadaye.

Kalavati la Moa ni kazi ya Bai kutoka msingi hadi ukingo. Ramani ya awali ililiweka chini mno. Bai hakuiamini, akaenda nyumba kwa nyumba kuuliza maji ya bamvua, yajaayo kuliko yote, hufika wapi. Mama mmoja, Bi Khadija, alimwonyesha alama ya chumvi kwenye ukuta wa jiko lake. Bai akapima kutoka pale, akapandisha kalavati lote kwa sentimita sitini, akapiga hesabu upya kwa wiki nzima. Mimi nilishika fimbo ya kupimia. Kisha nikaandika yote katika daftari langu kana kwamba niliyafanya mimi, na Mhandisi Suleimani akatia saini akijua.

Mwaka 2004 nilihojiwa. Wiki tatu kabla yake Bai alinifundisha kila jioni sebuleni kwao, akiniuliza maswali ambayo Bodi ingeuliza, na dada yake Batulbai akituletea chai. Bodi ilisifu sana uamuzi wa kulipandisha kalavati. Nilipokea sifa hizo nikiwa nimeketi wima. Nilipata muhuri, nikaoa.

Zamu iliyofuata ilikuwa yake bila ubishi. Mwaka 2005, kabla hajaandika hata ukurasa mmoja, Mhandisi Suleimani alipata kiharusi, na mwaka uliofuata tukamzika. Miaka yote ambayo Bai alifanya kazi chini yake haikuhesabika, kwani hapakuwa na saini yoyote.

Mwenye muhuri akabaki mmoja, mimi, kwani kila anayeupata katika tawi letu huhamia kwingine. Ilipofika 2009 nilikuwa na sifa zote za kusimamia wahitimu. Bai alikuja na daftari jipya, jina lake limeandikwa kwa ule mwandiko wake wa kunyooka, akaliweka mezani kwangu. Nilimwambia tungoje kazi ya Pangani iishe. Mwaka 2012 aliniuliza tena, nikamwambia mwakani. Mwaka 2016 aliniuliza mara ya mwisho, nikasingizia uhamisho ambao haukuwepo. Tangu 2009 hadi leo nimewasimamia wahitimu kumi na mmoja, na madaftari ya wote kumi na mmoja aliyasahihisha Bai kabla ya kufika kwangu. Nasra wa utumishi ni shahidi wangu. Lake sikulitia saini.

Nilikuwa nawaambia watu kwamba naona haya kumsimamia mwalimu wangu. Ilisikika kama adabu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Angehojiwa na Bodi, angeulizwa kazi kubwa aliyowahi kuifanya, naye si mtu wa kusema uongo. Angeitaja Moa. Nilichagua muhuri wangu juu ya wake, si mara moja bali kila mwaka, kwa miaka kumi na sita.

Mwezi uliopita niliiandikia Bodi kueleza kalavati la Moa ni kazi ya nani. Jibu halijafika, na wakiuchukua muhuri wangu sitakuwa na la kulalamika. Nakala nilimpelekea Bai nyumbani. Aliisoma yote, akachukua kalamu akasahihisha upana wa kalavati, kwa sababu niliandika mita mbili na nusu na ni mita tatu. Kisha aliniuliza kwa nini barua hii haikuandikwa wakati bado anayo saiti ya kwenda kesho yake. Bodi inaweza kuninyang'anya mimi muhuri, lakini haiwezi kumpa yeye miaka mitatu ya kazi ambayo kuanzia Jumanne hana pa kuifanyia.

Wenzetu kwa mapenzi yao walitaka ngao ya kumuaga iandikwe Mhandisi Mtaalamu. Nasra alimpelekea rasimu aione kwanza. Bai aliyafuta maneno hayo na juu yake akaandika Mhandisi Mhitimu. Ngao mtakayoiona leo imechongwa hivyo, na mgeni yeyote akidhani ni makosa ya mchongaji, ajue kwamba mchongaji hana kosa.

Bai Ummehani, kampuni nzima inakushukuru kwa barabara zisizokatika, kwa kuta zilizosimama wima na kwa wahandisi uliotulea. Tunakuombea afya, usingizi mtulivu na siku nyingi njema pamoja na Batulbai na wote wa nyumbani kwenu. Radhi sikuombi hapa, kwenye karatasi ya sherehe, mbele ya watu ambao itakubidi uwatabasamie. Nitakuja Ngamiani kuiomba, peke yangu, na ukikataa kunipa nitajua umepima sawasawa.