Tunda la Kaktusi Haliitwi Dawa: Risala ya Akina Mama wa Kadutu

Mgeni rasmi, Papa Profesa Théodore Murhula, mkuu wa maabara ya chakula. Viongozi wa komini yetu ya Kadutu. Mababa na mamama wote mliofika:

KARIBU KWETU

Sisi akina mama wa Chama cha Tunda Jekundu tunakupokea kwa furaha katika nyumba yetu mpya ya kukamulia matunda. Umepanda kilima cha Kadutu kwa miguu, mvua ikiwa imetoka kunyesha, na hukulalamika. Tumeliona hilo, na tunashukuru.

TULIKOTOKA

Mwenyekiti wetu, Maman Eulalie Cirhuza, alikwenda Katana kumzika shangazi yake. Huko aliona ua wa kaktusi uliopandwa kuzuia mbuzi, na matunda yake mekundu yakioza chini. Alijaza beseni akarudi nalo Bukavu. Sokoni walimcheka: "Maman, unatuuzishia miiba?" Lakini walioonja walirudi kutafuta zaidi. Ndipo akatuita sisi majirani zake. Tulijifunza kuyasugua matunda kwa majani makavu hadi vijimiiba vitoke, kuyamenya, kuyakamua na kuchuja mbegu. Mikono iliwasha sana. Siku hizi imezoea.

TUNACHOJIVUNIA

Juice yetu inanywewa hadi mtaa wa Nyawera. Masista wanaiagiza kwa sikukuu, na wafanyakazi wa ofisini kwa harusi zao. Watoto wetu wanasoma.

Papa Profesa, ni wewe uliyetufundisha kwenye semina ya parokia kwamba ule wekundu si rangi tu. Ndani yake, pamoja na vitamini C, kuna viini ambavyo wataalamu wanaviita antioksidanti, vinavyoweza kulinda chembe za mwili zisiharibike upesi. Tulikuuliza kama vinaponyesha. Ulijibu: "Vinaweza kusaidia. Kuponyesha, hapana, hakuna aliyehakikisha." Jibu hilo tulilishika.

YALIYOTUPATA KAMITUGA

Mfanyabiashara mmoja, Papa Gaston, alikuwa akipeleka chupa zetu dukani kwake, mji wa machimbo wa Kamituga. Bila kutuambia, alibandika juu yake karatasi yenye maneno: "Dawa ya sukari." Papa Modeste, mchimbaji wa dhahabu mwenye ugonjwa huo, alinunua, akanywa, akaacha sindano zake. Siku moja binti yake, Bijou, alimpigia Maman Eulalie kwa namba iliyo kwenye chupa, akilia: "Maman, papa ameanguka, hasemi tena. Alikuwa anakunywa dawa yenu."

Maman Eulalie na mwenzetu Maman Joviale walipanda pikipiki siku ileile. Matope yaliwaangusha njiani, wakainuka, wakaendelea. Walimkuta Papa Modeste hospitalini, ameanza kufungua macho baada ya kupewa tena insulini. Aliwaangalia, akasema kwa sauti ndogo: "Mi nilizania nimepona." Maman Joviale alitoka nje kulia.

Kisha walikwenda dukani kwa Papa Gaston.

"Bila ile neno, nani atanunua?" aliwauliza.

"Basi isinunuliwe," alijibu Maman Eulalie. "Hii haiko dawa, Papa. Ni tunda."

Walizitoa chupa zote kwenye rafu, wakazibandua zile karatasi, watu wakitazama, wengine wakizomea. Tangu hapo kila chupa yetu imeandikwa: "Juice ya tunda la kaktusi. Si dawa. Usiache dawa za daktari. Mwenye sukari amuulize daktari kwanza." Wanunuzi walipungua sana. Wenzetu wengine walitukimbia, wakisema tunajifukuzia wateja. Sisi tuliobaki hatujutii. Wateja wamerudi polepole, na hii nyumba tumeijenga kwa jasho la juice isiyodanganya mtu.

Papa Modeste yupo kwa Bijou, anachoma sindano zake kila siku. Ametutumia salamu.

MAOMBI YETU

Papa Profesa, mwanzo wa kiangazi tulipeleka chupa zetu kwenye maabara yako ili zipimwe. Tunaelewa kwamba umeme unakatika, na kazi ni nyingi. Lakini siku hizi kuna wanaouza juice ya kaktusi sokoni kwa yale maneno tuliyoyabandua sisi. Mgonjwa anaposimama kati yetu na wao, wao wanampa ahadi, sisi tunampa tahadhari. Si vigumu kujua anakwenda wapi.

Tunakuomba majibu ya vipimo. Tunakuomba pia uje nasi sokoni siku moja, useme kwa mdomo wako yale uliyotuambia parokiani, kwa sababu wewe watakusikiliza.

Usiogope kutuvunja moyo. Vipimo vikionyesha mema mengi, tutayaandika kama utakavyotuambia, bila kuongeza neno. Vikionyesha kwamba ni tunda tamu tu, basi, tutaandika "tunda tamu", na kesho asubuhi tutaendelea kukamua. Ila tuambie.

Mungu akujalie afya njema wewe na nyumba yako, aipe maabara yako umeme, na awalinde wagonjwa wote wa Kivu wanaotafuta kupona.

Ni sisi,
Akina mama wa Chama cha Tunda Jekundu, Kadutu, Bukavu.
Imesomwa na Maman Tatiana, katibu.