Magoti na Mjukuu

Basi la uwanja wa ndege lilikuwa likitutoa kwenye ndege kutupeleka jengo la abiria. Kando yangu bwana mmoja mrefu alikuwa akisugua magoti. "Mama, kwenye ndege cha maana ni nafasi ya miguu," alimwambia mama mtu mzima aliyesimama karibu naye. "Mengine yote mbwembwe."

"Wewe umezoea, mwanangu. Mimi harusi ya binti yangu ilinipita kwa kuogopa ndege. Leo nimepanda! Ilipotikisika nilimshika mkono dada wa kiti cha pembeni, simjui hanijui, naye hakuuondoa mpaka tulipotua. Cha maana ni jirani."

"Jirani yangu amekoroma safari nzima."

"Si afadhali? Ulijua yuko hai." Niligeukia dirisha nisionekane nacheka.

"Lakini magoti, mama..."

"Magoti yako yamekunjwa, roho yangu imekunjuka! Nakwenda kumpakata mjukuu."

Basi likasimama. Bwana alikuwa bado anatetea magoti yake, lakini mama alikwisha shuka, kifua mbele, akipunga mikono yote miwili. Nyuma ya kioo cha jengo, binti yake alikuwa amemwinua mtoto juu ya vichwa vya watu.