Swali Lililoninyamazisha kwa Kiingereza

Bamama, batata, na ninyi vijana mlioketi karibu na mlango, amani iwe kwenu. Nimeombwa niseme kidogo hapa kanisani juu ya masomo yangu. Watu wengi wakinitazama kwa pamoja, mwili wangu unafikiri kuna hatari. Mnivumilie.

Wengi mnanijua kwa kazi ya labo, kupima maji katika maabara. Kemia niliisoma hapa hapa Kolwezi, kwa Kifaransa, kama sisi wote. Halafu nikapata nafasi ya kuendelea na masomo Zambia, na kule kila kitu ni Kiingereza. Utafiti wangu ulihusu visima vya mtaa mmoja ulio chini ya mahali wachimbaji wanapooshea mawe. Dada yangu mkubwa anaishi mtaa ule. Watoto wake walikuwa wanakunywa maji yale.

Kiingereza cha kununua na kuuza nilikuwa nacho. Nikivuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, nilipunguziwa bei na kucheka na watu. Kiingereza cha chuo ni kingine. Kina maneno yake ya kupima uhakika, ya kuonyesha jambo umelitoa wapi, ya kumkubalia mtu kidogo kabla ya kumpinga. Niliyakariri nikipika, nikifua, nikitembea. Na neno likifanana na la Kifaransa, nililihesabu kuwa ni lile lile, nikasonga mbele.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoangukia.

Siku ya kueleza utafiti mbele ya profesa na wenzangu, nilitaka kusema kwamba watoto wanaokunywa maji yale pengine wataugua. Kwa Kifaransa tunasema “éventuellement”. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kujiamini, “eventually”. Sikujua kwamba kwa Kiingereza maana yake ni mwishowe, yaani jambo litafika tu. Nilikuwa nimetangaza kwamba watoto wa mtaa mzima wataugua, hakuna wa kupona.

Profesa hakuwa mkali. Aliniuliza nimejuaje, “evidence” yangu ni ipi. Nalo neno hilo nililielewa kwa Kifaransa, kitu kilicho wazi kwa kila mtu, kumbe yeye aliomba uthibitisho. Nikamjibu kwamba jambo liko wazi, kila mtu analiona. Mtu mmoja nyuma akacheka. Profesa akarudia swali polepole, kama mtu anavyosema na mgonjwa. Nikafungua mdomo. Hakikutoka Kiingereza, hakikutoka Kifaransa, hata Kiswahili cha mama yangu hakikutoka. Masikio yalivuma, vidole vikafa ganzi. Nikatoka nje, nikaketi kwenye ngazi mpaka wote wakaondoka.

Baada ya siku ile, nikikaribia geti la chuo moyo ulianza kukimbia. Darasani sikusikia mwalimu, nilisikia moyo wangu tu. Chakula kilikataa kushuka. Asubuhi moja, badala ya kukata njia ya chuo, nilikata ya stendi ya basi, nikarudi Kolwezi.

Nilifikia kwa dada, ambaye kwa ukubwa wake namwita Yaya. Nikamwambia, “Yaya, mi sirudi tena kule.” Hakubishana. Alinipa kisu, tukamenya mihogo.

Nilikaa kwake nikiwa kama mtu anayejificha. Simu ikilia kwa namba ya Zambia, niliiacha mezani mpaka inyamaze. Nikisikia mtu njiani anasema Kiingereza, nilivuka upande wa pili. Dada aliniangalia tu, na mimi nikaona naye anakonda. Sikujua kwa nini.

Mchana mmoja akauliza, “Ule profesa alikuuliza nini?”

“Aliniuliza nilijua namna gani kama batoto bataugua.”

“Na ulijua namna gani?”

Nikamweleza. Nilichota maji kwenye visima vya juu ya mahali pa kuoshea mawe na vya chini yake, kiangazi na masika. Vya chini vina metali nyingi, hilo nimelipima. Ugonjwa sikuupima, hiyo ni kazi ya madaktari. Nilieleza yote bila kukwama.

Akaweka kisu chini. “Ni kusema batoto yangu habatakufa?”

Nikashtuka. “Nani alisema batakufa?”

“Ulirudi na uso ya kilio. Husemi, hukuli. Mi niliwaza umeona kitu mu ile maji, uko unanificha.”

Ndugu zangu, wiki zote zile mimi nilikuwa naogopa Kiingereza, na mama huyu alikuwa anaogopa kuzika watoto. Nilimshika mikono. Nikamwambia, “Hapana, Yaya. Kama bataugua, sijui. Najua tu ile maji si ya kunywa.”

Alilia, halafu akajifuta uso kwa kitenge. “Basi nitaenda kuchota kule juu. Na ile neno yako ya pengine, kwa Kingereza banasema namna gani?”

Tangu siku hiyo tulipanda pamoja kwenye kisima cha juu, na njiani nilimfundisha. “Possible” ni jambo linaloweza kuwa. “Likely” linaelekea kuwa. “Certain” halina shaka. Kila neno alitaka nilitumie kwa kitu tunachokiona. Nikisema mvua ni “likely”, alinyoosha kidole mawinguni na kuuliza, “Evidence?” Ilibidi nitoe sababu, kwa Kiingereza. Nikikosea yeye hakujua, kwa hiyo nilijisahihisha mwenyewe, pale njiani, na ndoo kichwani. Kisha nikaanza kupokea simu. Mwenzangu mmoja wa darasa alikuwa akinipigia muda wote ule bila kuchoka, na sasa nikamwomba aniulize maswali magumu.

Nilirudi chuoni. Siku ya kutetea utafiti ikafika. Profesa yule yule, swali lile lile. Masikio yakaanza tena kuvuma. Nikamwomba arudie swali, akarudia. Nikasema metali katika maji ni “certain”, na vipimo hivi hapa. Ugonjwa ni “possible”, sikuupima.

Akauliza, “Kwa hiyo hujui?”

“Sijui,” nikajibu. “Ila najua maji yale hayafai kunywewa.”

Akaandika kitu, akatikisa kichwa kukubali, akaniambia niendelee. Nilifaulu. Niliporudi Kolwezi, niliisoma ripoti ya utafiti ule mbele ya watu wa mtaa, kwa Kiswahili, nao wakavifunika visima vya chini.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwenzangu aliyekuwa akipiga simu isiyopokewa. Namshukuru profesa aliyekubali kurudia swali. Na dada yangu, ambaye sitamtaja kwa jina kwa sababu ameshainamisha uso, ninyi wenyewe mnamwona.

Msifikiri woga umeniacha. Nikialikwa kusema Kiingereza mbele za watu, bado siku nzima sili. Lakini vijana mnaojiandaa kwa mitihani ya Kiingereza, nawaomba jambo moja. Kabla ya kuongeza maneno kichwani, mtafuteni mtu ambaye mbele yake mnaweza kukosea bila kuogopa. Na asiyempata, anione baada ya misa. Tutakosea pamoja.