Utepe Kwenye Mlango wa Chumba cha Leza

Mgeni rasmi, daktari mkuu, wauguzi, wazazi wenzetu na watoto wetu,

Tunakukaribisha kwa mikono miwili, ingawa tumekungoja hadi tukaota mizizi.

HISTORIA YETU

Sisi ni watu wenye mabaka ya kuzaliwa usoni, pamoja na wazazi na mababu wa watoto wenye mabaka hayo. Hatusemi baka ni ugonjwa wala mkosi. Wako wenzetu wanaoyapenda ya kwao, na tunawaheshimu. Sisi tuliomba matibabu wenyewe, kwa kuwa tulichoka kukodolewa macho kabla ya kusalimiwa.

Mashine ya leza ilipoletwa hapa, muuguzi wetu alikuwa ameshaisomea. Alitueleza bila haraka kwamba mwanga wake huvunjavunja rangi ya baka kidogo kidogo, kwa awamu, ngozi ikipumzishwa katikati. Ngozi nyeusi haitaki pupa: mwanga ukizidi, huungua au huacha weupe. Kwa hiyo kila mmoja wetu alijaribiwa kwanza mahali padogo, akaangaliwa, ndipo akaanza.

MAFANIKIO

Fundi cherehani mwenzetu alikuwa akiwapima wateja huku shavu moja amelielekeza ukutani. Siku hizi cherehani yake inatazama mlango.

Mafanikio yetu yanaishia hapo.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, ilikuja amri kwamba mashine isitumike tena mpaka izinduliwe na mgeni rasmi. Utepe mwekundu ukafungwa mlangoni. Ziara yako ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, utepe ukaliwa na vumbi, ukafungwa mwingine. Utepe umebadilishwa, nyuso zetu zimebaki vile vile.

Mjukuu wa msomaji wa risala hii ana baka kutoka kwenye paji la uso hadi chini ya jicho. Sehemu ya juu ilikuwa imeshafifia mlango ulipofungwa. Shuleni walimwita Ramani. Sasa wanamwita Nusu Ramani. Alimwambia babu yake, "Babu, si bora wangeniachia lote? Sasa hata wanaonicheka wanapata kazi mbili." Babu alicheka kwa sababu mtoto mwenyewe alicheka. Kisha akaenda kunawa uso.

Muuguzi wetu alivumilia. Kila asubuhi aliutazama utepe, akaenda kufunga vidonda wodi nyingine. Mwishowe akapata kazi kwingine. Tulipomsihi abaki alisema, "Mzee wangu, nilisomea leza. Siwezi kulinda utepe mpaka nizeeke." Leo ndani ya chumba kile mashine ipo, anayejua kuitumia hayupo. Walioandaa shughuli hii walituomba jambo hilo tusilitaje. Tumelitaja.

Lingine ni dogo, lakini limetukaa kooni. Mjukuu huyo ndiye tuliyemchagua akukabidhi maua. Jana mmoja wa waandalizi akasema, "Mzee, tafuteni mwenye uso mzuri kidogo. Kutakuwa na picha." Alisema hayo akiwa ameegemea mlango wa chumba hicho hicho. Mtoto aliyekupa maua hana kosa, na maua ni mazuri.

MAOMBI

Tunaomba muuguzi wetu arudishwe kwa masharti yatakayomridhisha, na awafundishe wengine, ili mtu mmoja akiondoka asiondoke na matibabu yetu. Tunaomba pia mashine ya wagonjwa isingoje mgeni tena, hata awe mkubwa kiasi gani.

La mwisho. Mkasi wa leo ni wa fundi cherehani wetu. Tumempa yule mjukuu aushike, na amesimama kando ya utepe. Kabla hujaupokea, mtazame usoni, juu na chini ya jicho, halafu waulize wakubwa hawa nani ataiwasha mashine kesho. Wakikutajia mtu, kata, nasi tutapiga makofi hadi viganja viwake moto. Wakinyamaza, tafadhali mwachie mtoto mkasi. Utepe tumeshauzoea.

Mungu akupe afya na safari njema, na akujalie kurudi siku ambayo hakuna aliyekuandalia kitu.

Ni sisi,
Wagonjwa, Wazazi na Mababu wa Chumba cha Leza